Santuri ya Shemeji Hosea

Mtaa wa 75, Chicago
Jumatano, 10 Julai 1974

Kwako dada Verlene,

Pokea salamu zangu, dada, nyingi mpaka zimwagike chini. Mimi huku ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na kitambi kinakua kwa juhudi zake chenyewe, mimi hata sikisaidii. Habari za kifua chako? Kile kikohozi kimeondoka, au bado kimekaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga? Shangazi Odessa naye je, bado anagombana na mchungaji habari za kwaya? Mpe salamu zake peke yake, asije akasema nimemchanganya na watu. Mwambie bado sijaoa, na asiniombee tena, maana mara ya mwisho alipopiga magoti nililetewa Loretta.

Barua yako niliipata tangu mwezi wa tano. Nimeisoma mara tatu, na siyo kwa sababu ya shule yangu ndogo. Unasema jiwe la kaburi la shemeji Hosea limeshachongwa, litawekwa mwezi wa nane, wiki ile watu wote waliotawanyika wanaporudi huko nyumbani Belzoni kanisani. Unasema unataka siku hiyo ipigwe santuri yake, hiyo moja tu aliyowahi kutoa, watu wasikie tromboni yake. Na umesema, Lem, ile niliyokupa unitunzie, niletee.

Dada, ndiyo maana nimekaa wiki sita kimya. Sikuumwa, na mkono ulikuwa mzima. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa nimepapata, ila pako mbali kidogo, kwa hiyo vuta kiti, na nakuomba usiruke kwenda ukurasa wa mwisho kama ulivyozoea.

Kazi yangu unaijua. Nauza santuri kwenye buti la gari, nje ya duka la kunyolea la Cleophus. Naingia nyumba za watu wanaohama, wananiambia, wewe, tutolee makorokoro haya. Nayatoa na uso wa msiba, nikifika kona nacheza. Katika kazi hiyo ndipo nikaingia kwenye kundi la wapenda jazi la pale baa ya Bi Ernestine. Tunakutana kila Jumapili saa tisa, watu wakishatoka kanisani na kubadilisha viatu. Hatuzidi kumi na mmoja. Kuna Cleophus mwenyewe, kuna mwalimu wa hesabu, kuna nesi mmoja ambaye ukisema tarumbeta pale anapotakiwa kuwa saksafoni anakutazama kama umemtukania mama. Kila mtu anakuja na santuri kwapani, na Bi Ernestine anakaanga kambare.

Kwanza tunapeana karatasi. Kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi santuri moja ambayo mwenzake lazima aitafute kabla hajafa, anampa aliye kushoto kwake. Wengine wanaandika jina tu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, mzee Ozell Whitlow, mstaafu wa posta, yeye karatasi yake ilikuwa kama barua ya mapenzi. Ya kwanza aliyonipa mimi ninayo mpaka leo. Iliandikwa: Kijana, upande wa pili, wimbo wa mwisho, msikilize mpiga besi. Anataka kulia lakini kuna wageni.

Dada, niliitafuta santuri hiyo miezi minne. Nilipoipata nikakaa chini, nikamsikiliza yule mpiga besi, na kweli bwana, kulikuwa na wageni! Tangu hapo nikawa nahakikisha kila Jumapili nakaa kushoto kwa mzee Ozell, hata kama ni kwa kumsukuma nesi. Na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kushikana na mimi nilikimbia shule nikiwa darasa la nne, ilibidi nijifunze. Mwalimu wetu kule alinichapa sana nisome. Mzee Ozell hakunichapa, na nikasoma.

Baada ya karatasi ndiyo unakuja mchezo wenyewe. Mwenye zamu anafunika lebo ya santuri yake kwa karatasi, jina lisionekane. Inapigwa. Kuna kiti kimoja cha ngozi nyekundu, kiko jirani kabisa na spika, na anayekikalia ndiye anayetakiwa kusema ni nani anapiga. Akipata, santuri inakuwa yake, anaondoka nayo. Akikosa, mwenye santuri anakalia kiti, na anakwenda nyumbani kwa aliyeshindwa kuchagua yoyote anayoitaka kwenye rafu. Hakuna kubembelezana. Watu wazima wamelia pale.

Mzee Ozell alikuwa amekikalia kiti hicho miaka tisa. Miaka tisa, dada! Kuna watoto wamezaliwa na kuanza kuvuta sigara mzee yuko hapo hapo. Siku moja mwalimu akaleta santuri ambayo hata aliyeitengeneza nadhani alikuwa ameisahau. Mzee akasikiliza kidogo tu, akataja mpiga piano, akataja mwaka, halafu akasema huu wimbo waliurekodi baada ya chakula cha mchana, maana mpiga dramu amekuwa mzito. Cleophus akamwuliza, "Na walikula nini, mzee?" Mzee akamtazama mdomoni, akamjibu, "Maharage." Tulicheka mpaka Bi Ernestine akatishia kutufukuza.

Alikuwa na adabu zake za santuri. Kabla haijapigwa lazima aishike mwenyewe. Anatoa kitambaa cha mahameli mfukoni, anaifuta taratibu, anaielekeza dirishani kwenye mwanga, anaigeuza hivi na hivi. Sisi tulisema mzee anaheshimu vitu. Halafu anakaa, anafumba macho, mguu unaanza kuhesabu. Nilimhusudu yule mzee, dada. Siyo santuri zake. Nilitamani kuwa mtu ambaye akinyamaza, watu wote wananyamaza wasikie atasema nini.

Sasa ndiyo nakuja pale nilipokukosea.

Kuna santuri moja tu mjini Chicago ambayo mzee Ozell asingeweza kuijua, na nilikuwa nayo mimi kabatini chini ya mashati. Shemeji Hosea na wenzake wanne waliirekodi Memphis, kwenye chumba cha nyuma cha duka la makochi. Zilitoka mia tatu, na mia mbili na kitu zikaharibika kwenye yale mafuriko. Ni wewe uliyenisimulia. Nikasema moyoni, Lem, miaka tisa ya mzee inaisha kwa mkono wako. Sikuona kama naiweka rehani mali yako. Niliona haiwezekani kushindwa, na kitu ambacho hakiwezi kupotea hujakiweka rehani. Hivyo ndivyo akili yangu inavyofanya kazi, unaifahamu tangu utotoni.

Basi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne nikaenda nayo, lebo nimeifunika pande zote mbili. Cleophus akaanza mdomo wake. "Leo Lem kaja na santuri ya kwaya ya shangazi yake!" Nikamwambia, wewe kata nywele, mambo ya muziki waachie wenye masikio. Mzee akaipokea, akaifuta, akaielekeza dirishani. Akaitazama muda mrefu kuliko kawaida. Nikaona uso wake umekunjamana kidogo, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Akanirudishia, akaenda kukaa kitini, akafumba macho.

Nikashusha sindano. Kimya.

Bi Ernestine alikuwa amepiga deki asubuhi akasogeza spika, waya ukachomoka, na hakuna aliyeangalia. Kilichosikika ni kale kamlio ka sindano yenyewe tu, kama panya anatafuna gazeti chumba cha pili. Nikafungua mdomo kusema ngojeni, waya. Ndipo nikamwona mzee Ozell.

Alikuwa anatikisa kichwa. Mguu unahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, kwa raha zake, na macho yamefumbwa.

Dada, habari ya waya nikaiacha. Nikatazama watu. Nesi amejiziba mdomo kwa leso. Mwalimu anatazama viatu vyake. Mambo yote yakaja kwa pamoja: kile kitambaa, lile dirisha, kiti karibu na spika, karatasi ambazo alitaka tumwandikie kila kitu hata bei ya samaki. Mzee wetu hakuwa anasikia. Na yale majina yote aliyokuwa anayataja? Alikuwa anayasoma kwenye mistari ya santuri kwa macho, kama wewe unavyosoma Biblia, halafu wimbo anaupiga mwenyewe kichwani.

Nilidhani Cleophus atacheka, maana huyo atakosa kucheka kwenye mazishi yake mwenyewe tu, na hata hapo sina hakika. Mzee akafumbua macho kidogo, akatutupia jicho. Nadhani alitaka kuona tunaipokeaje. Cleophus hakucheka. Akaanza kutikisa kichwa. Halafu akapiga kofi kwenye paja, kwenye mapigo yale yale ya mguu wa mzee, akapaza sauti kwa ile santuri bubu, "Haya, puliza! Puliza, baba, usituonee huruma!" Nesi akafuata, machozi yanamtoka na bega linacheza. Mwalimu akafuata, huyu hajawahi kwenda na mapigo tangu azaliwe. Bi Ernestine akasimama na kikaango mkononi, anayumbayumba. Dakika nne nzima, dada, watu kumi wazima tulicheza muziki ambao haukuwepo. Na nakuapia, sijawahi kusikia jazi tamu kama ile.

Nikanyanyua sindano. Mzee akafumbua macho, akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika lakini hataki ijulikane, kwamba huyo ni Purvis Latimer wa Kansas City, tromboni, mwaka hamsini na sita.

Watu wote wakanigeukia mimi. Mwenye santuri ndiye anayehukumu.

Verlene dada yangu, neno lenyewe ni hili, na nimelizunguka kama paka na bakuli la moto. Ningesema amekosa, kiti kingekuwa changu na santuri yako ingebaki kwapani kwangu. Nilisema, "Umepata, mzee." Bi Ernestine akaninyang'anya ile santuri kabla mtu hajaibandua karatasi, akaitia kwenye ganda lake, akasema samaki wanapoa. Mzee akaondoka nayo. Niliichezea kamari mali ya mjane bila ruhusa, halafu nikaipoteza kwa uongo. Maisha yangu yote nimedanganya ili nipate. Siku ile nilidanganya nikapoteza, tena siyo changu, cha kwako. Nisamehe. Kama huwezi leo, jaribu kesho.

Ulipoandika mwezi uliofuata kuitaka, nilijua siwezi kwenda kumwomba mzee bila kumwambia kwa nini. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua vizuri, nikajificha. Jumapili sikwenda. Nikahamisha hata gari.

Juzi Jumatatu, siku ya kwanza niliyorudisha gari pale kwa Cleophus, akanipata. Alikuja taratibu na kofia yake, akaweka santuri juu ya buti la gari, karatasi imebanduliwa, jina la Hosea Tibbs linanitazama. Akaniambia, "Kijana, wewe ni mwongo hodari, lakini siku ile ulidanganya vibaya. Miaka sita nakujua, hujawahi kukubali umeshindwa hata kwenye karata. Uliposema nimepata bila kubisha, nikajua kuna jambo." Akasema alibandua karatasi usiku ule ule, akaelewa yote. Wiki kumi ameshindwa kuja kuniambia, kwa aibu, kama mimi nilivyoshindwa kwenda. Sikio la kushoto lilikufa mwaka sabini, la kulia likafuata miaka miwili iliyopita. Hakumwambia mtu, maana alisema, nje ya kile kiti mimi ni mzee mwenye santuri elfu mbili na hana wa kuongea naye.

Nikamwandikia kwenye mfuko wa karatasi, kwa mwandiko wangu wa kuku, kwamba kundi lote lilijua na hakuna aliyecheka. Nikamwandikia Cleophus alichofanya. Akasoma, akauliza, "Cleophus huyu huyu?" Nikatikisa kichwa ndiyo. Akaingia dukani kwa Cleophus. Kupitia dirishani nikamwona Cleophus akimketisha, akamzungushia shuka, akamnyoa. Alipotoka, Cleophus akanifuata akanong'ona kwamba mzee amemwambia Jumapili anawaachia kiti, na yeye amemjibu, kwa kumwandikia kwa povu la sabuni kwenye kioo, kwamba akithubutu atamkata sikio moja kwa kuwa halitumiki.

Kisha mzee akaniuliza Hosea Tibbs ni nani, maana miaka sitini ya kupenda jazi hajawahi kumwona mahali. Nikamwandikia kwamba ni shemeji yangu, alibeba magogo mchana na kupuliza tromboni Jumamosi, na gogo ndilo lililomuua. Akauliza santuri ni ya nani. Mkono ukataka kuandika yangu. Nikaandika ya dada yangu.

Dada, hapo ndipo nilipomwona mzee Ozell amekasirika. Akaniambia kwa sauti ya juu, maana hajui tena sauti yake iko juu kiasi gani, na mtaa wote ukasikia, "Umeichezea kamari santuri ya mjane? Ya mume wake? Kijana, hata mbwa ana mahali asipopita!" Akaamuru nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu, siyo kumtuma mtoto wa Bi Ernestine aniandikie. Hii ni jioni ya pili naandika na vidole vimekufa ganzi.

Lakini kabla hajaondoka aliishika tena, akaielekeza kwenye jua, akanionyesha. Akasema tazama hapa, anapoanza kupuliza huyu mistari inaachana, inapumua, wengine wote wa siku zile walikuwa wanakimbia. Huyu alikuwa hana haraka. Anapiga kama mtu ambaye nyumbani kuna mtu anamngojea na hana wasiwasi kwamba ataondoka. Akasema alipoitazama mara ya kwanza pale baa alijua hamfahamu mtu huyu, na kwamba alitaja jina la Latimer kwa sababu tu aliogopa. Alisema hilo ndilo linalomuuma, kwamba aliogopa mbele ya mtu aliyepiga bila woga.

Nimekuandikia hayo yote kwa sababu nadhani umeshangaa bahasha haina stempu. Nilitaka kutuma kila kitu kwa posta. Mzee akakataa, akasema yeye amefanya kazi humo miaka thelathini na moja na anajua santuri inavyotupwa. Anapanda basi la kesho mwenyewe, na barua hii mfukoni. Huyo mtu mrefu aliyekupa barua hii, ambaye nadhani amekaa hapo ukumbini kofia iko magotini, anakungojea umalize, ndiye. Kifurushi alichokipakata ndiyo Hosea. Na usiwe na wasiwasi, barua hakuifungua, hajawahi kufungua ya mtu.

Ukiongea naye mtazame usoni, usiongee haraka kama unavyoongea nasi. Anapenda mkate wa mahindi. Mpe chumba cha nyuma mpaka siku ya jiwe, ameomba ruhusa ya kuwepo. Ana ombi moja tu, na hataweza kulisema kwa aibu, kwa hiyo nalisema mimi. Anataka mkae mezani, ipigwe, yeye akuambie alichokiona kwenye mistari, na wewe umwambie unachokisikia, wimbo kwa wimbo, pande zote mbili. Anataka kujua kama amesoma vizuri. Mwambie ukweli, dada. Hata pale alipokosea.

Nisalimie wote wa nyumbani, walio hai kwa midomo na shemeji kwa maua. Nitakuja mwezi wa nane, nikiwa nimenyoa na suti ya kuazima, kupokea makofi yangu ana kwa ana.

Ni mimi mdogo wako, nimechoka mkono kuliko siku yoyote ya kuchuma pamba,

Lemuel Gilliam